Eddie Robinson wa Grambling: miaka 56 kwenye chuo kimoja, ushindi 408 (uzi mrefu)

#1 Shamba la Bibi (mleta uzi)

Wakuu, kila tukifungua mjadala wa makocha bora wa muda wote majina ni yale yale: Ferguson, Michels, Phil Jackson wa kikapu. Sina ugomvi nao. Ila kuna mzee mmoja wa Louisiana, Marekani, ambaye sijawahi kuona jina lake likitajwa humu, na leo nataka nimlete kwa urefu anaostahili. Anaitwa Eddie Robinson. Alifundisha football ya Kimarekani kwenye chuo kimoja tu, Grambling, kuanzia 1941 hadi 1997. Mechi 588: alishinda 408, alipoteza 165, sare 15.

Hizo namba ziwekeni pembeni kwanza, tutazirudia. Ninachotaka mkione ni alivyozipata, maana kwa imani yangu hakuna kocha wa mchezo wowote aliyefanya mengi kiasi kile akiwa amepewa kidogo kiasi kile.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: ni ule wa mpira wenye umbo la yai na helmeti. Wamarekani wanaupenda kwenye ngazi ya vyuo karibu sawa na ligi ya kulipwa ya NFL. Vyuo vikubwa vina viwanja vya watu 80,000 hadi 100,000, na kocha wa chuo cha serikali mara nyingi analipwa kuliko gavana wa jimbo lake. Robinson hakuwahi kuwa kwenye vyuo hivyo hata siku moja.

Alizaliwa Februari 13, 1919, mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alikuwa analima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, mama yake mfanyakazi wa ndani. Familia ikahamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo, ambako kuna chuo kikuu cha LSU chenye timu kubwa ya football. Eddie alikulia mji huo huo, lakini hakuweza kusoma pale wala kuchezea pale. Sheria za ubaguzi zilitenganisha weusi na weupe shuleni, kwenye basi, mgahawani, mpaka kwenye bomba la maji ya kunywa.

Akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, kocha wa sekondari ya McKinley aitwaye Julius Kraft alikuja na vijana wake kuzungumza na watoto. Wenzake walitazama jezi. Eddie alimtazama kocha, na namna vijana wakubwa vile walivyokuwa wakimsikiliza. Toka hapo akasema kazi yake ni hiyo. Alicheza McKinley, akaenda Leland College, chuo kidogo cha weusi karibu na Baton Rouge. Kocha wake huko, Reuben Turner, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na ndiye aliyemfungulia kitabu cha mipango ya mchezo kwa mara ya kwanza.

1941 anahitimu. Kazi ya ukocha hakuna. Akaishia kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Mwaka huo huo akamwoa Doris Mott, msichana waliyeanza urafiki tangu ujana. Halafu akasikia kuna chuo kaskazini mwa jimbo kinatafuta kocha.

Naendelea.

#2 Binti Pangani

Endelea mkuu, nimeshakaa. Swali moja kabla hujaenda mbali: hicho chuo cha weusi peke yao kilianzishwa na nani? Serikali ile ile iliyowabagua?

#3 Shamba la Bibi

Swali zuri dada, na jibu lake linaeleza mengi. Grambling ilianza 1901, na walioianzisha ni wakulima. Weusi wa kaskazini mwa Louisiana walitaka shule ya watoto wao, wakamwandikia Booker T. Washington, mwalimu mweusi maarufu aliyeongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, wakiomba mtu wa kuwasaidia. Akawatumia Charles P. Adams. Serikali ya jimbo iliingia baadaye. Robinson alipofika 1941, mahali pale paliitwa Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Jina la Grambling College lilikuja miaka ya 1940 baada ya vita, na Grambling State University mwaka 1974.

Mkuu wa chuo alikuwa Ralph Waldo Emerson Jones, mwenyewe akifundisha pia timu ya besiboli. Alimwajiri Robinson akiwa na miaka 22, mshahara dola 63.75 kwa mwezi.

Sasa sikilizeni maana ya "kocha mkuu" pale. Msaidizi wa kulipwa hakuna. Robinson alikata nyasi za uwanja. Alichora mistari. Aliwafunga vijana bandeji kwenye vifundo vya miguu kabla ya mechi. Wakati wa mapumziko alisimamia kikundi cha gwaride. Mechi ikiisha, aliketi akaandika habari yake mwenyewe ya kupeleka magazetini, kwa sababu hakuna mwandishi aliyetumwa. Na alifundisha mpira wa kikapu pia.

Msimu wa kwanza alishinda 3, akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, Grambling ilicheza mechi tisa, ikashinda zote tisa, na haikufungwa pointi hata moja msimu mzima. Rudieni kusoma hiyo. Huu si mchezo wa kuisha 1-0; timu kushinda pointi 40 kwa 20 ni kawaida tu. Kumaliza msimu bila mtu yeyote kukuingilia ni jambo ambalo makocha wengi huondoka duniani bila kuliona.

Vita vikaingia, vijana wakaitwa jeshini, na 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu. Akaenda kufundisha sekondari ya pale pale Grambling. Timu ikawa kwenye njia ya ubingwa, na hapo baba mmoja akawatoa wanawe kwenye timu kwa sababu pamba ilikuwa imekomaa shambani na lazima ichumwe. Huwezi kumlaumu yule mzee. Pamba ndiyo ilikuwa chakula cha mwaka. Robinson hakwenda kubishana naye. Alichukua timu nzima akaipeleka shambani, wakachuma pamba ya yule mzee mpaka kazi ikaisha, vijana wakarudi kucheza. Ubingwa wakauchukua.

Mimi kisa hicho kinanigusa kuliko rekodi zote, kwa sababu ndani yake kuna namna alivyofanya kila kitu maishani.

#4 Mwanakwetu

Shamba la pamba tena, na mababu zao wametoka utumwani kwenye pamba hiyo hiyo. Mkuu, hiki kipande kimenifanya nisimame kidogo.

Safari zao zilikuwaje? Maana kama migahawa iliwakataza, walikuwa wanakula wapi?

#5 Shamba la Bibi

Walikula sandwichi ndani ya basi. Robinson alitengeneza mikate ya wachezaji kabla ya safari, kwa sababu njiani kote Louisiana, Mississippi na Texas hapakuwa na uhakika wa mahali pa kuwauzia chakula. Hata choo cha kituo cha mafuta kilikuwa cha weupe tu sehemu nyingi. Fikirieni vijana 30 au 40 wenye miili ile, wanasafiri saa nyingi usiku, wanashuka, wanacheza, wanapanda basi tena. Na mtu anayewaongoza anatakiwa ahakikishe hawakasiriki kiasi cha kujiingiza kwenye hatari, na pia hawavunjiki moyo. Yote mawili kwa pamoja.

Bwenini nako alikuwa na kengele. Asubuhi mapema anapita milangoni anaigonga, amka, nenda darasani. Jumapili anagonga tena, kanisani. Wachezaji wake wazee mpaka leo wakisimuliwa habari ya kengele wanacheka na kulengwalengwa na machozi kwa wakati mmoja. Aliwafundisha kukaa mezani, kufunga tai, kuzungumza na mwajiri. Alikuwa akisisitiza kwamba mchezaji atastaafu akiwa kijana bado, lakini cheti hakistaafu. Na yeye mwenyewe alirudi darasani, akachukua shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1954, huku akiwa kocha.

#6 Nyumbani Mbali

Nikiwa Dallas, naomba niongezee kwenye uzi huu. Kila mwaka Grambling na Prairie View wanacheza hapa kwenye uwanja wa Cotton Bowl wakati wa maonyesho makubwa ya jimbo la Texas. Ukitaka kuona jinsi watu weusi wa Kusini wanavyoipenda football ya vyuo vyao, njoo siku hiyo. Familia zinakuja na mabibi, vitukuu, majiko ya kuchomea nyama, na jezi za miaka ya sabini.

Na kitu cha kuwaambia ambao hamjawahi kufika: wakati wa mapumziko hakuna anayeondoka kwenye kiti. Viwanja vingine mapumziko ndiyo muda wa kwenda kununua soda. Hapa bendi za vyuo ndizo zinaingia, vijana zaidi ya mia na tarumbeta, ngoma na wacheza dansi, na watu wanashindania bendi kama wanavyoshindania timu. Bendi ya Grambling ilipiga kwenye mapumziko ya Super Bowl (fainali ya football ya kulipwa) ya kwanza kabisa, Januari 1967, Los Angeles. Chuo kidogo cha kijijini, mbele ya nchi nzima.

Uwanja huo huo wa Cotton Bowl ndipo Robinson alipoivunja rekodi ya Bear Bryant. Oktoba 5, 1985, Grambling 27, Prairie View 7. Ushindi wa 324. Mleta uzi atueleze Bryant ni nani, maana bila hilo watu hawataelewa uzito wake.

#7 Shamba la Bibi

Asante sana ndugu yangu wa Dallas. Bryant nitamfikia. Ila kwanza nataka kuwapeleka kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha mzee huyu. Ni habari ya kwotabeki.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu za kusoma ulinzi wa wapinzani, kisha anaamua: arushe kwa nani, ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe. Ndiye anayetangaza mpango kwa wenzake. Timu nzima inamtazama yeye.

Kwa miongo mingi wenye timu za kulipwa waliamini, na wengine walisema waziwazi, kwamba mtu mweusi anaweza kukimbia, kuruka na kugonga, lakini hawezi kufikiri haraka wala kuwaongoza weupe. Kwa hiyo kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki hodari chuoni, akifika kwenye ligi ya kulipwa alihamishiwa nafasi nyingine. Sasa ni mdakaji, au beki. Hakuna aliyemuuliza.

Robinson alikuwa ameshaubisha mlango wa ligi zamani. Mwaka 1949 mchezaji wake Paul Younger, mwili mkubwa mpaka wakamwita Tank, alisajiliwa na Los Angeles Rams. Hakuwahi kuwepo mchezaji wa NFL kutoka chuo cha weusi kabla yake. Robinson alimwambia wazi kwamba akishindwa yeye, huenda ikachukua miaka mingi kabla ya mwingine kuitwa. Younger alicheza misimu kumi na kutwaa ubingwa wa 1951.

Baada yake walimiminika. Willie Davis alikuwa nahodha wa ulinzi wa Green Bay Packers chini ya kocha Vince Lombardi na alishinda Super Bowl mbili za kwanza. Buck Buchanan mwaka 1963 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya AFL, iliyokuwa ikishindana na NFL wakati huo. Willie Brown wa Oakland Raiders, Charlie Joiner wa San Diego. Hao wanne wote wako kwenye Ukumbi wa Heshima wa football ya kulipwa. Kwa jumla, zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika ligi za kulipwa, kutoka mji ambao ukiendesha gari bila kuwa makini unaupita.

Lakini kwotabeki hakuwepo. Na mzee akalitazama hilo kama kazi iliyobaki.

Akamchukua James Harris, kijana mrefu kutoka Monroe, mji wa jirani, mwenye mkono wenye nguvu. Kwa miaka minne alimwandaa kwa lengo moja: acheze nafasi ile ile kwenye ligi ya kulipwa. Alimfundisha kurusha akiwa amesimama nyuma ya walinzi wake kama makwotabeki wa NFL wanavyofanya, akamfundisha kusoma ulinzi wa kila aina. Wasaka vipaji walipokuja na maneno ya kumbadilishia nafasi, Harris alikataa. Akalipia: mwaka 1969 alichaguliwa raundi ya nane na Buffalo Bills, wakati uwezo wake ulikuwa wa juu zaidi ya hapo. Harris amesimulia kwamba Robinson alimwambia akienda asirudi na maneno kwamba alikosa nafasi kwa sababu ya rangi. Dunia haitakuwa ya haki, basi uwe bora kiasi ambacho hawana la kusema. Maneno magumu kumwambia kijana wa miaka 22. Harris alianza mechi ya ufunguzi ya msimu ule akiwa kwotabeki. Mweusi wa kwanza kufungua msimu kwenye nafasi hiyo. Mwaka 1974, akiwa Rams, aliiongoza timu hadi mtoano wa ubingwa na kushinda.

Halafu akaja Doug Williams.

#8 Nyumbani Mbali

Hapo sasa!

#9 Shamba la Bibi

Williams alitoka Zachary, Louisiana. Alicheza Grambling miaka ya sabini, na 1977 akashika nafasi ya nne kwenye kura za tuzo ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote nchini. Kijana wa chuo cha weusi kufika hapo! 1978 Tampa Bay walimchagua raundi ya kwanza, mtu wa 17. Akaivusha timu iliyokuwa kichekesho cha ligi. Baadaye mambo ya mkataba yakaharibika, mke wake wa kwanza akafariki kwa uvimbe wa ubongo wakiwa na mtoto mchanga, akapotea kwenye ligi hiyo, akarudi Washington akiwa mchezaji wa akiba.

Januari 31, 1988, San Diego, Super Bowl ya 22. Washington dhidi ya Denver, na Williams ndiye kwotabeki, mweusi wa kwanza kuanza fainali hiyo. Denver wanaongoza 10-0. Williams anaanguka, goti linajipinda, anatolewa nje. Watu wengi nyumbani walidhani imekwisha. Robo ya pili akarudi. Katika hiyo robo moja tu Washington walifunga pointi 35. Alirusha pasi nne za tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ndani ya dakika 15 za mchezo. Matokeo ya mwisho 42-10, pasi za yadi 340, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikawa yake.

Robinson alikuwepo San Diego. Alimwambia Williams kwamba alichokifanya ni kama bondia mweusi Joe Louis alipomwangusha Mjerumani Max Schmeling. Mzee alikuwa na miaka 19 usiku ule wa 1938, akijua maana yake kwa watu weusi waliokuwa wamekusanyika kwenye redio. Alikuwa anamweleza kijana wake, ambaye bado alidhani ameshinda mechi tu.

Kuanzia Harris kuingia Grambling mpaka fainali ile ni zaidi ya miaka ishirini. Mzee alipanga, akasubiri, akapanga tena. Leo makwotabeki weusi wanashinda Super Bowl na hakuna anayeshangaa. Mimi nasema mstari unarudi moja kwa moja kwenye uwanja wa Grambling.

#10 Mchambuzi Huru

Mleta uzi, kazi nzuri, lakini naomba nipinge kidogo kwa heshima. Kwanza, hizo mechi 408 nyingi alicheza na vyuo vidogo vya weusi wenzake. Bryant alicheza na vigogo. Unalinganishaje? Pili, nimesoma kwamba miaka ya sitini, wakati watu wanapigwa na kufungwa kwa ajili ya haki za kiraia, Robinson hakuandamana, na alikuwa mtu wa kuisifu Marekani kila akishika maikrofoni. Wanafunzi wa chuo chake mwenyewe walifanya mgomo 1967 wakilalamika kwamba chuo kinaweka michezo mbele ya elimu. Tusimfanye mtakatifu.

#11 Shamba la Bibi

Mkuu, hoja zote mbili ni nzito na nashukuru umezileta. Nianze na ya kwanza.

Paul Bryant, waliyemwita Bear, alifundisha Maryland, Kentucky, Texas A&M na hatimaye Alabama, akamaliza na ushindi 323. Kocha mkubwa, halina ubishi. Lakini Alabama yake haikuwa na mchezaji mweusi uwanjani mpaka 1971. Robinson hakuchagua kucheza na vyuo vya weusi, alifungiwa humo. Vyuo vikubwa vya Kusini havikukubali kucheza naye. Na kipimo cha ubora wa vijana wake tunacho: walipokutana na wale wa vyuo vikubwa kwenye ligi ya kulipwa, waliwazidi. Vyuo vingapi vikubwa vina watu wanne wa kizazi kimoja kwenye Ukumbi wa Heshima?

Tena angalia kilichotokea mlango ulipofunguka. Septemba 1970 timu ya USC kutoka California ilikuja Birmingham na mkimbiaji mweusi Sam Cunningham, ikaipiga Alabama 42-21. Baada ya hapo vyuo vya weupe vya Kusini vikaanza kusajili weusi kwa kasi, vikiwa na viwanja, hela na televisheni. Vijana ambao zamani wangekwenda Grambling wakaenda LSU, chuo kile kile kilichomkataa Robinson. Haki ilipatikana, na bei yake ikalipwa na vyuo vya weusi. Pamoja na hayo aliendelea kushinda miaka 25 zaidi. Mataji 17 ya ligi yao ya SWAC, na mara tisa alitangazwa bingwa wa vyuo vya weusi nchini.

Hoja ya pili. Ni kweli hakuandamana, na ni kweli wanafunzi waligoma. Wale wanafunzi walikuwa na haki ya kudai maabara na vitabu, mimi siwezi kusimama upande wa kuwanyamazisha. Robinson aliamini kazi yake ya ukombozi iko uwanjani na darasani. Unaweza kusema haikutosha. Mimi naona kijana aliyemtoa shamba la pamba akarudi kijijini kwao akiwa mwalimu ni jibu la aina yake, lakini sitasema waliokuwa barabarani walikosea. Bila wao, Williams asingeweza hata kulala hoteli ya San Diego.

#12 Binti Pangani

Nimependa mnavyobishana bila matusi. Mkuu, hizo timu za chuo kidogo cha kijijini zilijulikanaje nchi nzima? Kuna mtu nyuma ya pazia lazima.

#13 Shamba la Bibi

Yupo dada. Anaitwa Collie Nicholson, aliyekuwa mwandishi wa habari wa kikosi cha Marines kwenye Vita vya Pili. Jones alimwajiri mwishoni mwa miaka ya arobaini kuwa msemaji wa michezo wa chuo. Aliandika habari za Grambling akazituma kwenye magazeti ya weusi nchi nzima, wiki baada ya wiki. Yeye, Jones na Robinson wakaja na wazo: kama viwanja vikubwa haviji Grambling, Grambling iende kwenye viwanja vikubwa.

1968 walicheza na Morgan State kwenye Yankee Stadium, New York, mechi ya kuchangia Urban League, shirika la kutetea haki za weusi. Walifungwa 9-7, ila watu zaidi ya 60,000 walikuja kutazama vyuo viwili vya weusi. 1974 wakaanzisha Bayou Classic pale New Orleans dhidi ya mahasimu wao, Southern University ya Baton Rouge; mechi ya kwanza ilivuta watu zaidi ya 76,000, na mpaka leo inachezwa kila mwaka wikiendi ya sikukuu ya Shukrani. 1976 wakaenda kucheza Tokyo.

Na mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini Los Angeles Rams walimwita Robinson kwa mahojiano ya kazi ya kocha mkuu. Hakuipata. Kocha mkuu mweusi wa kwanza wa NFL ya zama hizi alikuja kupatikana 1989, Art Shell. Watu humu huniambia Robinson alikuwa mwaminifu kwa Grambling, na ni kweli, lakini tusisahau kwamba milango mingine haikuwa wazi kiasi cha kumjaribu.

#14 Mwanakwetu

Aliondokaje? Maana makocha wengi wakubwa mwisho wao huwa mbaya.

#15 Shamba la Bibi

Mwisho ulikuwa mgumu, sitawaficha. Oktoba 1995 alipata ushindi wa 400, Grambling 42, Mississippi Valley State 6. Hakuwahi kuwepo kocha wa chuo kufika hapo. Lakini msimu huo aliumaliza amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, 1996 akashinda tatu tu, na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanza kuchunguza uendeshaji wa programu. Baadhi ya wakubwa wa chuo walitaka aondoke mara moja. Wahitimu wakapiga kelele, wanasiasa wa jimbo wakaingilia, akapewa msimu mmoja wa kuagia.

1997 kila uwanja aliokwenda walimpa zawadi. Uwanjani alishinda tatu tena, akapoteza nane. Mechi ya mwisho ilikuwa Bayou Classic, Novemba 29, uwanja wa Superdome, Southern wakashinda 30-7. Kuna wanaosema alikaa miaka mitatu zaidi ya ilivyopaswa. Huenda. Mimi naona chuo ambacho jina lake lilijulikana duniani kwa jasho la mtu huyo kingeweza kumwandalia njia ya kutoka mapema na kwa heshima, badala ya kuanza kumsukuma namba ziliposhuka. Aliyerithi kiti chake 1998 ni Doug Williams.

Doris alikuwa naye muda wote. Robinson alipenda kusema kwamba rekodi yake ya kweli ni kuwa na kazi moja na mke mmoja kwa zaidi ya nusu karne. Baadaye ugonjwa wa Alzheimer ukamchukua kumbukumbu. Alifariki Aprili 3, 2007, Ruston, Louisiana, akiwa na miaka 88. Jeneza lake liliwekwa kwenye jengo la bunge la jimbo, Baton Rouge, watu wakapanga foleni kumuaga. Mji ule ule ambao alisagia chakula cha mifugo kwa senti 25.

#16 Mchambuzi Huru

Nimekuelewa mkuu, na hoja ya kufungiwa naikubali. Swali la mwisho la takwimu: leo bado ndiye namba moja?

#17 Shamba la Bibi

Hapana, na mpangilio uko hivi. Kwa vyuo vya ngazi zote, John Gagliardi wa Saint John's, Minnesota, alimpita 2003 na kumaliza na 489, ila timu yake ilikuwa ngazi ya tatu. Kwa ngazi ya kwanza, Joe Paterno wa Penn State alimpita Oktoba 2011 kwa ushindi wa 409. Siku chache baadaye ikalipuka kashfa ya msaidizi wake wa zamani aliyewanyanyasa watoto kingono, Paterno akafukuzwa, na 2012 NCAA ikafuta ushindi wake 111, Robinson akarudi juu. Januari 2015 ushindi huo ukarejeshwa kwa makubaliano ya kisheria. Kwa hiyo kwenye vitabu ni Paterno 409, Robinson 408.

Ndugu wa Dallas, ukipata nafasi, kutoka kwako mpaka Grambling ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, barabara kuu ya I-20. Kuna makumbusho yake ndani ya chuo tangu 2010, kwenye jengo lililokuwa ukumbi wa mazoezi wa wasichana.

#18 Nyumbani Mbali

Nitakwenda na watoto, na picha nitazileta humu humu. Halafu mkuu, uzi unaofuata tuletee Jake Gaither wa Florida A&M. Ushindi 203, kupoteza 36 tu. Naye hatajwi.

#19 Shamba la Bibi

Gaither anakuja. Nipeni muda nimsome vizuri.